Barua kutoka Chicago: Mwaloni Chini ya Zulia

Shangazi,

Huku watu wakinunua nyumba ya zamani, mume na mke hugombana kwanza juu ya sakafu: ing'olewe au ipigwe msasa? Sisi nasi hatukusalimika. Nyumba yetu ni bungalow ya matofali, moja kati ya maelfu yaliyojengwa mjini hapa tangu 1910 hadi 1940. Wajenzi wa enzi hizo walitandika mwaloni; waliokuja baadaye wakaufunika kwa zulia, ukuta hadi ukuta. Tulipofunua pembe moja tukaukuta umefubaa, umejaa matundu ya pini, lakini mzima.

Muuza sakafu aliyekuja kupima hata kuinama hakuinama. Alibeba vipande vya vinili iliyochapwa picha ya mbao, akasifu kwamba haiogopi maji. Kweli haiogopi. Lakini ile picha ikishakwaruzika haina msasa wa kuiokoa; unaing'oa, unaitupa.

Baada yake akaja fundi mzee, Mpolandi. Alitoa wavu wa tundu la sakafuni linalopuliza hewa ya joto, akapiga magoti kuchungulia ukingo wa ubao. Ubao wa namna hii una unene wa milimita 19 hivi, na una ulimi unaoingia ubavuni mwa mwenzake. Anachotazama fundi ni mbao iliyobaki juu ya ule ulimi. Ukiwa mpya, ni kama milimita 6, na msasa mmoja kamili hula karibu milimita moja. Yetu bado imebaki ya kutosha. Lau vichwa vya misumari vingekuwa vimeanza kutokeza, tungezungumza mengine. Nilipomwonyesha nyufa akacheka: majira ya baridi hita hukausha hewa na mbao zikasinyaa, majira ya joto zinakutana tena. Mbao chache za karibu na mlango wa nyuma zimekuwa nyeusi kwa mikojo ya mbwa. Hizo tu ndizo atakazobadilisha, kisha msasa na vanishi.

Jikoni ni habari nyingine. Vile vigae vya zamani vya inchi 9 kwa 9 mara nyingi vina asbesto, pamoja na gundi yake nyeusi. Havipigwi msasa wala havivunjwi kabla ya kupimwa maabara, maana vumbi lake huua mapafu polepole. Vyetu vimeshikamana vizuri, kwa hiyo tunavifunika. Hapo yule wa vinili atapata biashara yake, na sina kinyongo naye.

Sasa nasikia binamu anataka kuvunja terazo ya Babu hapo Upanga aweke vigae vinavyong'aa. Terazo ni chembe za marumaru ndani ya saruji. Ikisagwa upya na kung'arishwa, inarudi. Nakuomba, Shangazi, mzuie kwanza. Aite fundi mwenye mashine ya kusaga, amsagie pembe moja tu ya sebule, ndipo aamue.