Jiwe Lililo Hai

Msomaji, ukiulizwa jiwe ni kitu gani, huenda ukajibu upesi kuwa ni kitu kigumu, kizito, kisicho na uhai. Lugha yetu nayo yaunga mkono jibu hilo, kwa kuwa mtu asiye na huruma twasema ana moyo wa jiwe. Walakini yako mawe ambayo sifa hiyo haiyastahili hata kidogo. Hutoka chini ya bahari, katika miamba ya matumbawe, na wafugaji wa samaki wa maji ya chumvi huyaita mawe hai. Nataka kukusimulia jinsi mimi na wanafunzi wangu tulivyotengeneza tangi la samaki wa baharini katika shule moja mjini Nairobi, umbali wa kilomita 480 hivi kutoka Mombasa kwa barabara, na jinsi jiwe moja la namna hiyo, lisilozidi ukubwa wa ngumi mbili, lilivyotushughulisha muhula mzima.

Yafaa kwanza tuelewane juu ya jina lenyewe. Jiwe hai si hai kama mti ulivyo hai. Matumbawe ni wanyama wadogo sana ambao hujijengea makao ya chokaa; kizazi kimoja hufa, kingine hujenga juu yake, na baada ya miaka mingi huwa pamekuwa na mwamba. Mwamba huo umejaa matundu kama mkate uliochachuka vizuri. Ndani ya matundu, na juu yake pia, hukaa wapangaji wasiohesabika: mwani, sifongo, minyoo, koa, kaa wadogo kama punje ya mtama, na zaidi ya wote, bakteria. Kwa hiyo uhai wa jiwe ni uhai wa mji. Kuta zimekufa zamani, lakini wakazi wamo, nao wanafanya kazi usiku na mchana.

Watu wamejaribu kwa muda mrefu kuileta bahari nyumbani. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki kwa watu wote, na mwaka uliofuata Mwingereza Philip Henry Gosse akatoa kitabu kilicholifanya jambo hilo kupendwa na wengi. Hata hivyo samaki wa miamba ya matumbawe walikuwa wagumu kufugwa, na aghalabu walikufa upesi. Mwaka 1961 mfugaji wa Jakarta, Lee Chin Eng, alieleza katika jarida moja la wafugaji njia yake nyepesi: maji ya bahari, viputo vya hewa, na mawe yaliyotolewa baharini pamoja na viumbe vyake. Hakutegemea mashine nyingi. Aliyaachia mawe kazi, nayo yakaifanya.

Hapo mwanafunzi mmoja aliniuliza swali la haki. “Mwalimu,” alisema, “wakati wa likizo nitakwenda pwani kwa babu. Kwa nini nisivunje mawe mawili matatu nikaja nayo?” Nilimjibu kwa mambo matatu, na wewe msomaji nakuomba uyapime. Kwanza, yako mahali ambapo sheria hairuhusu kuondoa kitu cho chote. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu ziliwekwa mwaka 1968 kwa sababu hiyo. Aidha, matumbawe magumu yamo katika orodha ya mkataba wa kimataifa wa mwaka 1973 uitwao CITES, unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Pili, matumbawe ya namna ya majabali hukua kama sentimita moja tu kwa mwaka, hata jiwe la kujaza mikono yako huenda likawa na umri mkubwa kuliko wako. Tatu, mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipopata joto kupita kiasi, matumbawe mengi ya pwani yetu yalipauka na kufa. Mwenye jeraha hapigwi tena kwa ajili ya kupamba darasa.

Basi tulitafuta njia nyingine. Pwani ya Kenya ina mawe ya matumbawe yaliyo nchi kavu, mabaki ya miamba iliyokuwa chini ya bahari zaidi ya miaka laki moja iliyopita. Mawe ya asili hiyo ndiyo yaliyojenga nyumba za Gede, nayo huchimbwa hata leo kwa ujenzi. Tulipata kilo 15 za mawe hayo, makavu kabisa, tukayasugua na kuyaloweka, tukibadilisha maji mara kwa mara. Kisha rafiki yangu mmoja, ambaye amefuga samaki wa baharini kwa miaka mingi, akatupa jiwe hai moja kutoka tangi lake. Mawe makavu yalikuwa nyumba tupu. Jiwe hai lilikuwa mbegu ya wakazi.

Tangi letu lilikuwa la kioo, urefu wa sentimita 100, upana 40, na kimo 50. Ukizidisha utapata lita 200. Kwa kuwa lita moja ya maji ya bahari huzidi kidogo uzito wa kilo moja, tulijua kuwa meza ya kawaida haifai, na fundi seremala akatutengenezea kitako imara cha mbao. Maji ya bomba hutiwa klorini ili kuua vijidudu, nayo haibagui bakteria wabaya na wazuri. Kwa hiyo tuliyapitisha katika chujio maalumu. Chumvi nayo haikuwa ile ya jikoni. Bahari ina magnesi, kalisi, potasi na madini mengine, na mchanganyiko wake huuzwa tayari kwa wafugaji. Katika kila lita tulitia gramu 35 hivi, tukapima, tukarekebisha, tukapima tena. Usiku wa Nairobi ni wa baridi kwa viumbe wa pwani, basi tukaweka chombo cha kupasha maji joto hadi nyuzi 26, na pampu ndogo ya kuyazungusha, maana bahari haitulii.

Katika siku ya kwanza maji yalikuwa na ukungu. Siku ya tatu yalitakata, na yeyote aliyechungulia aliona hodhi safi yenye mawe yaliyopangwa kama mapango. Hapo ndipo jaribu lilipoanza, kwa sababu jicho lilisema kazi imekwisha, hali ilikuwa haijaanza.

Sikiliza jinsi mambo yanavyokwenda. Samaki akila hutoa taka, na taka hiyo huwa amonia, sumu inayochoma mashavu yake anayopumulia. Katika bahari kuu sumu hiyo hutawanyika. Katika tangi hujikusanya. Wako bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, nayo bado ni sumu. Wako wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo. Mwanasayansi wa Urusi, Sergei Winogradsky, ndiye aliyewatenga bakteria wa kazi hii karibu na mwaka 1890. Tena ndani kabisa ya matundu ya jiwe, mahali ambapo oksijeni ni haba, wamo bakteria wa tatu wanaoigeuza nitrati kuwa hewa ya nitrojeni, nayo hupanda juu na kuondoka. Bakteria hawa hawana haja ya kuhimizwa. Wana haja ya chakula, mahali pa kukaa, na muda. Sisi tulitia kipande kidogo cha nyama ya kamba kioze, ili kazi ipatikane, kisha tukangoja.

Kila jioni mwanafunzi mmoja alichota maji katika kichupa na kutia matone ya dawa ya kupimia. Rangi ya manjano ilimaanisha kuwa amonia haipo. Rangi ya kijani ilimaanisha kuwa ipo. Juma la kwanza lilikuwa la kijani, na la pili kijani zaidi.

Katika juma la tatu ilikuwapo siku ya wazazi. Mkuu wa shule alitaka, na haki ilikuwa yake kutaka, wageni wakute samaki. Asubuhi ya siku hiyo mzazi mmoja mwema alifika na mfuko wa nailoni uliojaa maji, na ndani yake samaki wa buluu mwenye mkia wa manjano, aliyemnunua mjini kwa fedha yake. “Mwalimu,” alisema kwa furaha, “nimewaletea mgeni.” Wanafunzi walikusanyika. Mmoja wao aliuliza, “Maji haya ni safi kuliko tunayokunywa, kwa nini asiishi humo?” Sikujibu. Nilimwomba apime. Alitia matone, akatikisa kichupa, akakiinua mbele ya dirisha. Kilikuwa bado cha kijani.

Msomaji, haikuwa rahisi kumtazama mzazi yule usoni. Ukarimu hukataliwa kwa taabu, hasa mbele ya watu. Lakini samaki hakuwa pambo la sherehe. Alikuwa kiumbe, na maisha yake yalikuwa mikononi mwetu saa ile. Nilimweleza mzazi maana ya rangi, naye, kwa uungwana wake, akauliza maswali zaidi kuliko mtu ye yote siku hiyo. Kabla ya saa nne samaki alikuwa amepelekwa kwa rafiki yangu, katika tangi lililokomaa. Wageni walipoingia walikuta mawe. Wengine walicheka. Wanafunzi walisimama kando ya tangi wakiwaonyesha jedwali la vipimo, na kuwaeleza habari za wafanyakazi wasioonekana. Yule aliyekuwa ameuliza swali ndiye aliyeeleza kwa ufasaha kuliko wote.

Baada ya siku chache kijani kilianza kufifia, na nitriti ikapanda. Mwisho wa juma la sita vyote viwili vilikuwa havionekani katika vipimo. Nitrati peke yake ndiyo iliyokuwapo, na tukaipunguza kwa kubadilisha sehemu ya maji. Mawe yalifunikwa na vumbi la kahawia, ambalo ni mwani mdogo, kisha yakaota nyuzi za kijani. Tuliwatia koa kadhaa wazile. Tulijifunza pia kuwa maji yanapopungua kwa kuvukizwa, chumvi haiondoki. Kwa hiyo kinachoongezwa ni maji matamu, sivyo bahari itazidi kuwa kali kila siku.

Usiku mmoja tulizima taa na kulimulika jiwe hai kwa kurunzi. Lo! Ukubwa wa ngumi mbili tu, lakini lilikuwa kama mji wakati wa soko. Kiti cha pweza mdogo, mwenye mikono myembamba kama uzi, alijivuta kutoka tunduni. Mnyoo ulitoa kichwa ukakirudisha. Wadudu weupe, wadogo kuliko viroboto, walikimbia huku na huku juu ya kioo. Samaki wetu wa buluu alirudi katika juma la saba, na mzazi wake alialikwa kumpokea. Miezi minne baadaye mawe yaliyotoka machimboni yakaanza kupata madoa ya zambarau, rangi ya mwani mgumu unaojijengea chokaa. Mwani huo ulikuwa umetoka katika lile jiwe moja. Mawe yaliyokuwa nchi kavu tangu kabla ya kumbukumbu ya binadamu yalikuwa yamepata wakazi tena.

Sasa nikuulize, msomaji: tulifanya nini hasa? Tulinunua chumvi, tukachuja maji, tukatumia umeme, tukapima kila jioni kwa majuma sita, na darasa zima likaingia kazini; yote hayo ili lita zisizofika 200 ziweze kumhifadhi samaki mmoja. Umeme ulipokatika tulikoroga maji kwa zamu ili viumbe visikose hewa. Kazi hiyo hiyo miamba ya pwani yetu huifanya kwa maji yasiyopimika, bila ujira, bila kupimwa, na bila kuonekana na mpitaji anayetazama mawimbi. Mtu hawezi kujua thamani ya kazi hiyo mpaka ajaribu kuifanya mwenyewe kwa sehemu ndogo.

Watu husema mvumilivu hula mbivu, na methali hiyo ni ya kweli. Lakini uvumilivu si kukaa bure. Katika majuma yale sita hatukulala. Tulipima, tuliandika, tulikataa kilichotupendeza kwa sababu kipimo kilisema bado. Huo ndio uvumilivu wenye macho. Mwenye kutaka matokeo kabla ya msingi hudhani kuwa anaokoa muda, kumbe anayelipa ni mwingine, na mara nyingi aliye mnyonge kuliko wote.

Siku moja huenda ukajaliwa kuwa na tangi lako. Ukijaliwa, yape mawe muda wao, na uamini kichupa kuliko jicho. Na siku utakapotembea ufukoni maji yamekupwa, ukaona jiwe jeusi lenye matundu, limelowa na halina uzuri wo wote, inama ulitazame kwa utulivu, kisha uliache pale pale. Wenyewe wamo ndani.