Mezani Oaxaca
Tuliingia Oaxaca, kusini mwa Meksiko, peke yetu, shanta mgongoni. Katika soko la 20 de Noviembre tulikaribishwa maharagwe kwa tortilla, chapati za mahindi yaliyochemshwa kwa chokaa kabla ya kusagwa. Na mahindi asili yake ni nchi hiyo. Harufu ilitushawishi. Tuliuliza kwanza, kwani huko maharagwe aghalabu hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Mama muuzaji akakubali kuwa ndivyo, akayaondoa bila kununa, akatuchomea tortilla kavu, akaleta parachichi na pilipili. Wageni wenzetu wa benchini wakatusogezea bilauri ya maji ya ukwaju. Naam, ukwaju, kana kwamba tuko Mombasa! Tulipotoa pesa, tuliambiwa tayari imekwisha lipwa.