Kiwanja Kisichojengwa

Huku kwetu Werugha ardhi ya mlimani ni haba, na mtu aachaye kiwanja bila kukilima wala kukijenga huitwa mvivu. Kwa hiyo sishangai wanafunzi wangu waniulizapo: yafaa nini fedha ya umma kununua kiwanja cha biashara ili kibaki wazi?

Jibu langu ni Bustani ya Jeevanjee, Nairobi. Mfanyabiashara A. M. Jeevanjee aliwapa watu wa mji ardhi ile mwaka 1906, ingawa angaliweza kujenga maduka. Mwaka 1991 lilitokea shauri la kujenga jumba pale. Mjukuu wake, Zarina Patel, na wananchi wengine wakalipinga, bustani ikasalimika. Nimepata kuketi pale adhuhuri, nikaona wachukuzi, makarani na wahubiri wamepumzika chini ya kivuli kimoja, wala hapana aliyetozwa senti.

Jeevanjee alitoa bure. Lakini watoaji wa namna yake ni wachache, basi aghalabu umma hauna budi kununua. Duka humfaa mwenye fedha. Uwanja humfaa hata asiye na kitu. Tena duka laweza kujengwa kesho, bali uwanja uliokwisha kujengwa haurudi. Heri kununua mapema, bei ingali nafuu.