Jina Lililokatwa Vipande Viwili

Kila mwaka, mwezi wa Januari, mwalimu wa darasa huketi na daftari jipya la mahudhurio, akaandika majina ya watoto ambao nyuso zao bado hazijui. Kazi hiyo nimeifanya kwa zaidi ya miaka ishirini, na miaka tisa kati ya hiyo nimeifanya hapa Mununga, ukingoni mwa Ziwa Mweru, ambako mtoto mmoja huja na jina la Kibemba, wa pili la Kibwile, na wa tatu, aliyevuka kutoka ng'ambo ya Kongo, huja na cheti cha ubatizo kilichoandikwa kwa Kifaransa. Nilidhani kazi hiyo naijua.

Miongoni mwa waliokuja na cheti cha namna hiyo alikuwamo msichana mmoja wa darasa la saba. Jina lake la ukoo sitaliandika kamili hapa, kwa kuwa wenyewe wapo na sikuwaomba ruhusa. Nitasema tu kwamba lilianza na Hadji- na likamalizikia kwa jina la mtume mmoja wa Bwana Yesu, sehemu zote mbili zikiwa zimeshikamana bila nafasi. Nililitazama kitambo. Haji namjua: ni mtu aliyekwenda kuhiji Maka. Mtume naye namjua. Lakini Haji na mtume ndani ya neno moja, tena katika cheti cha Kanisa Katoliki! Nikaamua kwamba karani wa parokia alisahau kuacha nafasi na kwamba ile herufi d ilikuwa ya Kifaransa tu, haina kazi. Nikaandika Haji kuwa jina la ukoo na mtume kuwa jina la katikati. Kisha nikalinakili kosa hilo, kwa mwandiko wangu mzuri ambao hunipa majivuno, katika orodha ya watahiniwa.

Wenzake hawakukawia kulishika. Walimwita "Haji" uwanjani, wakamwuliza kilemba chake amekiacha wapi. Kufikia mwezi wa tatu alikuwa haitiki tena jina lake likiitwa asubuhi. Huinua mkono tu. Mimi nilidhani ni kiburi cha umri.

Siku moja bibi yake alikuja shuleni. Ni mama mtu mzima mwenye umri upatao miaka sabini na mitano, mzaliwa wa Kasenga, aliyevuka ziwa mwaka 2017 wakati watu wengi wa Katanga ya juu na wa upande wa Tanganyika walipokimbia mapigano, na serikali ya Zambia ikawapokea wilayani Nchelenge, kwanza Kenani na baadaye, tangu mwaka 2018, katika makazi ya Mantapala. Yeye alikuwa na ndugu hapa ufukweni, kwa hiyo hakukaa sana makambini. Nilimkaribisha kiti, nikamwamkia, tukaulizana hali ya nyumbani. Kisha akaweka kidole juu ya daftari.

"Mwalimu," alisema kwa Kiswahili cha kwao, "ile jina iko moja. Usiikate."

Alisema "ile jina", nami kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya ualimu sikuona sababu ya kumsahihisha mtu ngeli.

Hadithi aliyonisimulia ilikuwa fupi. Baba mkwe wake alikuwa Mgiriki, mnunuzi wa samaki pale Kasenga. Alizaa na mwanamke wa Luapula, na mtoto huyo ndiye aliyekuja kumwoa bibi huyu. Mzee mwenyewe aliondoka baada ya mali za wageni kutwaliwa, asionekane tena. Alichoacha ni jina.

Tangu siku hiyo nimesoma kila nilichoweza kukipata mintarafu ya Wagiriki wa Luapula na majina yao, kwa sehemu kwa sababu ya aibu. Wenzangu wa chama wataniwia radhi nikiwarudishia hapa somo ambalo mwanafunzi alinilipia ada.

Kwanza neno lenyewe. Katika Biblia yetu watu hao ni Wayunani. Dukani ni Wagiriki. Na wao hujiita Wahelene. Yunani limetufikia kwa Kiarabu, nalo asili yake ni Ionia, pwani ya Asia Ndogo ambako watu wa mashariki walikutana nao kwanza. Giriki limepita kwa Warumi hadi kwa Waingereza, kisha kwetu. Hivyo hata kabla hatujafika kwenye ukoo wa mtu mmoja, taifa zima lina majina matatu kufuatana na mlango ambao msemaji ameingilia.

Majina yao ya ukoo nayo yana milango. Jina likiishia -akis, aghalabu mwenye nalo ana asili ya Krete. -Opoulos, ambalo maana yake ni mwana wa fulani, ni la Peloponesi zaidi. -Idis limeenea miongoni mwa waliotoka pwani ya Bahari Nyeusi. Mwanzoni hukaa heshima au kazi ya babu: Papa- ni ukoo uliokuwa na kasisi, nao makasisi wa Kiorthodoksi huruhusiwa kuwa na wake. Hatzi- ni ukoo uliokuwa na haji.

Naam, haji. Hapo ndipo nilipoweka kitabu chini. Wagiriki walitawaliwa na Waturuki wa Kiosmani kwa karne kadhaa, na Waturuki walikwisha kuchukua neno hilo kutoka Kiarabu. Mkristo wa Kiorthodoksi aliyesafiri hadi Yerusalemu, akatumbukia katika maji ya Mto Yordani, alirejea kijijini akiitwa kwa heshima ile ile aliyopewa Mwislamu aliyerejea kutoka Maka. Kigiriki hakina sauti ya j kama yetu, kwa hiyo neno likawa hatzi; na kwa kuwa heshima ya namna hiyo haitupwi, likagandishwa mbele ya jina la mtu na kurithiwa na wanawe na wajukuu wake. Mtunzi wa muziki Manos Hadjidakis, ambaye wimbo wake katika filamu ulitunukiwa tuzo ya Oscar ya mwaka 1960, alikuwa na kipande hicho hicho mwanzoni mwa jina lake. Kupro nako majina hayo ni mengi. Kwa hiyo si jina la Kiislamu lililomponyoka karani, wala si majina mawili. Ni Mkristo mmoja aliyehiji, na uzao wake.

Jambo lililonishangaza zaidi ni njia. Neno haji limefika Mweru mara mbili. Mara ya kwanza lilikuja kwa miguu kutoka pwani ya Bahari ya Hindi, pamoja na misafara. Livingstone alipofika hapa mwezi Novemba 1867 aliwakuta wafanyabiashara Waislamu kwa Kazembe, miongoni mwao Muhammad bin Saleh. Na mwaka huo huo Tippu Tip alimshinda Nsama wa Itabwa, si mbali na hapa niandikapo, vita ambavyo amevisimulia kwa Kiswahili katika habari za maisha yake. Mara ya pili neno hilo hilo lilikuja kupitia bahari nyingine, Uturuki, visiwa vya Wagiriki, kisha reli iliyofika Elisabethville mwaka 1910, na mwisho mto Luapula, likiwa ndani ya jina la muuza samaki. Lilipokutana na nduguye ufukweni, mwalimu wa lugha hakumtambua.

Wagiriki hao walikuja kwa ajili ya tumbo la mgodi. Wachimba shaba wa Union Minière walihitaji chakula, na Luapula ilikuwa na samaki, hasa mpumbu, ambaye hupanda mto kwa makundi makubwa wakati wa kutaga. Kasenga ukawa mji wao: mashua za injini, barafu, malori ya kwenda Elisabethville. Mpumbu alivuliwa kupita kiasi, tena wakati ule ule wa kutaga, hata kufikia mwisho wa miaka ya 1940 akawa amekwisha kabisa kuwa samaki wa biashara. Wazee wa Mununga bado humtaja kama watajavyo jirani aliyehama. Baadhi ya wanunuzi hao walitoka visiwa vya Dodekanisi, ambavyo Italia ilivishika tangu mwaka 1912 na ambavyo vilirudi kwa Ugiriki baada ya mkataba wa mwaka 1947. Hivyo palikuwa na watu waliosema Kigiriki, wakabeba hati za Kitaliano, wakauza samaki katika koloni la Mbelgiji, ng'ambo ya mto tu ya ardhi ya Mwingereza, na sisi tunawalaumu watoto wetu kwa kutokuwa na karatasi zilizonyooka.

Yupo mtu mmoja wa visiwa hivyo ambaye habari zake si za faragha. Nissim Soriano, Myahudi wa Rodo, alikuja Kongo katika miaka ya 1930, akafanya biashara ya samaki huku kwetu. Mwanawe, aliyezaliwa Kashobwe kando ya Luapula mwaka 1964, ni Moïse Katumbi, aliyekuwa gavana wa Katanga kuanzia mwaka 2007 hadi 2015. Soriano ni jina la Kihispania, na wataalamu hulihusisha na mji wa Soria; Wayahudi waliofukuzwa Hispania mwaka 1492 walienda nalo mashariki, na Rodo waliendelea kusema Kihispania chao cha kale. Mwezi Julai 1944 Wajerumani waliwakamata Wayahudi wa kisiwa hicho, watu zaidi ya 1,600, wakawapeleka Auschwitz. Waliosalimika walikuwa kama 150. Waliokwisha kuondoka kwenda Kongo waliponea huko. Hata hivyo ulimwengu humjua yule mwana kwa jina la Katumbi. Soriano limebaki kwa waandishi wa habari.

Kwa nini majina haya ni nadra huku, ilhali Wagiriki waliacha watoto? Jibu la kwanza wanalijua wote waliokulia Luapula: kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama. Jina la baba likija kutoka ng'ambo halina mahali pa kuketi. Watu wa huku wana desturi ya kurithi jina la marehemu pamoja na kiti chake, hata mzee mmoja husimulia kwamba "mimi nilivuka mto" akimaanisha mtu aliyevuka vizazi vingi vilivyopita. Mtaalamu Ian Cunnison aliliandika jambo hilo vizuri katika miaka ya 1950. Lakini urithi huo hupita kwa mjomba, na mjomba wa mtoto huyo hakuwa Mgiriki.

Jibu la pili ni amri. Mwaka 1972 Mobutu, aliyekuwa Joseph-Désiré na sasa akajiita Sese Seko, aliwataka raia wa Zaire wote waache majina ya kigeni. Mume wa bibi huyu akachukua jina la upande wa mama yake. Novemba 1973 biashara za wageni zikatwaliwa, na Wagiriki wengi wakaondoka. Jina likabaki ndani ya nyumba, likisemwa usiku. "Alikuwa anawafundisha watoto," bibi aliniambia, "kama vile unafundisha sala." Baada ya mwaka 1990 amri hiyo ilipolegea, watoto wakaanza kuliandika tena, na mjukuu akabatizwa nalo.

Na hapa kuna jambo dogo la kisarufi ambalo halitaki kuniacha. Majina mengi ya kiume ya Kigiriki huishia kwa s, lakini mtu akiitwa, hiyo s huanguka: Pavlos huitwa Pavlo, Markos huitwa Marko. Katika cheti cha msichana haikuwamo s. Mwanzoni nilisema ni kawaida yetu Wabantu kupenda neno liishie kwa irabu, na huenda ni hivyo. Lakini nadhani pia kwamba watu wa Kasenga hawakulisoma jina hilo popote. Walilisikia likiitwa, kutoka mashua moja hadi nyingine, na wakalihifadhi katika hali ile ile ya kuitwa. Kwao Ugiriki msichana huyu angeandikiwa -ou mwishoni, yaani wa fulani, na tangu mwaka 1983 sheria ya huko ingemtaka abaki na jina lake hata akiolewa. Huku lilimfikia bila mwisho wa kiume wala wa kike.

Nililipigia mstari kosa langu kwa rula, nikaandika jina zima juu yake, pamoja na ile d, nikatia sahihi. Orodha ya mtihani ilikuwa imekwisha kwenda. Ofisi moja ilinitaka hati ya kiapo, ya pili ikanitaka barua ya ofisi ya kwanza. Nauli niliitoa mfukoni mwangu, na sioni kama nafaa kusifiwa kwa hilo. Hadi leo sijapata jibu, na cheti chake kikija na nafasi katikati ya jina, ni nafasi niliyoiweka mimi. Lakini asubuhi iliyofuata nilimwita kwa jina lake lote, bila kupumua katikati, naye akaitika.

Nilikwenda kwa bibi jioni kumweleza maana niliyoipata. Alikuwa akianika chisense juu ya mchanga. Nilimwambia habari za Yerusalemu na za Yordani. Alisikiliza mpaka mwisho, akageuza samaki wachache waliokauka upande mmoja.

"Na bwana yangu hakufika hata Pweto," alisema.

Kisha akanituma nimletee ufagio.