Mchele wa Mwanjelwa

Mjukuu wa dada yangu, mzaliwa wa Mbeya, anasoma chuo Dar es Salaam. Alipokuja likizo nilimtuma sokoni Mwanjelwa, akarudi na swali: "Babu, kabla ya lile jengo pale palikuwa uwanja?" Simlaumu. Soko la zamani liliungua mwaka 2006, yeye bado ananyonya. Waliotakiwa kumsimulia tulikuwa tunalalamikia bei za vyumba.

Mji wenyewe ulianzia juu, Uhindini na Sisimba, enzi ambazo dhahabu ya Lupa kule Chunya ilileta wageni na maduka. Mwanjelwa ilikuwa pembeni. TAZARA ilipoanza kazi rasmi mwaka 1976, na malori yakazoea barabara kuu ya Tunduma, biashara iliteremka yenyewe ikaja kwetu. Hakuna mkuu wa mkoa aliyeiagiza.

Mabanda yalikuwa ya mbao na mabati, tope hadi kifundoni wakati wa masika. Viazi vya Umalila vilikuja kwa lumbesa, maharage ya Mbozi kwa magunia, na ndizi za Tukuyu zikamwagwa chini mikungu kwa mikungu. Mama wa mchele alikaa kona ambako safu ya usipa wa Ziwa Nyasa iliishia na nafaka zikaanza. Kwa hiyo kumfikia ulipita kwanza kwenye harufu ya samaki wakavu, kali, ya kuingia kwenye nguo, ndipo ukapokewa na ile nyingine, ya mchele. Alichota konzi ya mchele, akaupulizia pumzi ya moto ndani ya viganja, akakusogezea pua. "Nusa, mwanangu. Huo ni Kyela." Mchele wa Usangu alikuwa nao pia, kwenye gunia lake peke yake, bei yake chini kidogo, na hakuthubutu kuuita jina lisilo lake. Siku hizi ukienda soko lolote Dar es Salaam kila gunia ni Kyela. Sijui hilo bonde wamelitanua lini.

Tulimsalimu "Mugonile, mama," hata sisi tusio Wanyakyusa. Alipima kwa kisado, akasawazisha kwa kiganja, kisha akaongeza konzi ya nyongeza bila kuombwa. Asiye na hela aliandikwa kwenye daftari la mkopo lenye jalada la bluu. Humo walikuwemo watu wa Mbeyatex, wa Zana za Kilimo, walimu, na mama yangu karibu kila mwezi. Hata miaka ile ya foleni za sukari, mchele kwake ulipatikana, mradi uje gizani na usiulize ulipitia wapi.

Viwanda vikafa, mitumba ikajaa, Mbeya ikawa Jiji, soko likaungua. Wengi wakahamia soko la SIDO, nako kukaungua 2011, kukaungua tena 2017. Nimehakiki miaka hiyo kwenye magazeti na iko sawasawa, ila hakuna gazeti lililoandika kuhusu daftari la bluu, ambalo liliteketea pamoja na magunia. Mama yangu alimfuata mama wa mchele akalipa deni ambalo hakuna karatasi iliyobaki kulithibitisha. Jirani yetu mmoja hajalipa hadi leo, na kila Jumapili anakaa benchi la mbele kanisani.

Lile jengo la ghorofa lilichukua miaka kusimama. Ni zuri kwenye picha. Lakini nani apande ngazi na gunia la viazi kichwani? Wauzaji wamerudi chini barabarani, wanakimbizana na mgambo. Wenzetu wa Iringa wana soko kuu lao la zamani katikati ya mji, vikapu vya milulu vimening'inia nje, na hakuna aliyekufa kwa kukosa ghorofa.

Mama wa mchele alizeeka akarudi Kyela, akazikwa huko. Binti yake anauza vocha Kabwe. Nilimuuliza mchele halisi utapatikana wapi, akacheka: "Baba, ule unapita hapa usiku kwenye lori, unakwenda Dar." Nikavuka barabara, nikanunua kilo chache za Usangu kwa kijana aliyeapa kwamba ni Kyela, maana wageni walikuwa njiani.