Kwa Baisikeli Hadi Isiolo na Mbele Yake

Mtu atokaye Nanyuki kwenda Isiolo kwa baisikeli hana budi kupanda kwanza. Wengi hulisahau jambo hilo. Nanyuki iko juu, karibu mita 1,950 kutoka usawa wa bahari, na Isiolo iko chini sana, yapata mita 1,100 tu. Basi hudhani ya kuwa njia yote ni mteremko. Lakini barabara huzunguka mabega ya Mlima Kenya, hupita Timau penye mashamba ya ngano, na kufika zaidi ya mita 2,400 kabla ya kukubali kushuka. Asubuhi huko ni baridi kali, na asiyechukua koti hujuta. Mbele ya Timau imejengwa njia ya ndovu chini ya barabara, ili wapate kupita kati ya mlima na msitu wa Ngare Ndare, nao wameitumia tangu mwaka 2011. Mwenye motakaa hupita juu yake asijue. Mwenye baisikeli aweza kushuka, akaegemeza chombo chake, akasikiliza kidogo.

Ndipo huja Subuiga, mahali barabara inapogawanyika, ya kulia ikienda Meru na ya kushoto Isiolo. Hapo nchi yote ya Kaskazini hufunuka mara moja: tambarare ya rangi ya kahawia, na siku isiyo na ukungu vilima vya Samburu vyaonekana mbali kama visiwa. Zimebaki kilomita kama 30, na karibu zote ni za kuteremka. Ni vigumu kumweleza mtu ambaye hajawahi kupanda baisikeli furaha ya mteremko ule. Miguu hupumzika, upepo huvuma masikioni, na hewa hubadilika kama mtu aingiaye jikoni: kila mita 1,000 za kushuka joto huongezeka kwa kadiri ya digrii 6, na koti lililokuwa rafiki asubuhi hufungwa nyuma kwenye keria.

Furaha hiyo ina gharama yake. Baisikeli ya kazi, ile nyeusi ambayo watu wa Kenya huiita Black Mamba, ina uzito wa kilo 20 au zaidi kabla ya kutiwa mzigo, na breki zake ni vipande vya mpira vinavyosukumwa na fimbo za chuma. Mpira ukishikwa bila kuachiwa hupata moto, hulainika, na kwisha upesi. Mwendeshaji mwenye akili hushika na kuachia, hushika na kuachia, naye huanza kupunguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake. Hutazama pia mpira wa breki kabla ya kuondoka Timau, kwa maana katikati ya mteremko hakuna fundi.

Kuna faida nyingine ya baisikeli ambayo husahauliwa na wanaosifu mwendo tu. Aendaye kwa gari husikia lugha ya dereva na ya utingo. Aendaye kwa baisikeli husalimiwa. Huko juu kwa Wameru ni *muga*. Ndani ya mji wa Isiolo ni *nabad* ya Wasomali, ambao baadhi ya wazee wao walikuwa askari waliopewa ruhusa ya kukaa hapo baada ya vita vya 1914 hadi 1918. Penye visima na mifugo ya Waborana ni *nagaa*, na kabla ya kufika mto Ewaso Ng'iro mchungaji wa Kisamburu atakuwa amekwisha kusema *supa*. Salamu nne katika safari moja, na kila moja yataka jibu lake. Mtu akijifunza maneno hayo manne kabla ya kuondoka nyumbani, amechukua chombo chenye faida kuliko spana.

Zamani safari nyingi zilikoma Isiolo. Hapo palikuwa na kizuizi, na nchi iliyo mbele yake iliitwa Northern Frontier District. Kwa sheria ya wilaya zilizofungwa, iliyotumiwa huko tangu mwaka 1926, mtu hakuruhusiwa kuingia wala kutoka bila kibali. Baada ya uhuru mambo hayakuwa mepesi zaidi: vita vya Shifta vilidumu tangu 1963 hadi 1967, na kwa miaka mingi baadaye magari ya kwenda Moyale yalikwenda kwa msafara pamoja na askari wenye bunduki. Lami nayo ilikoma hapo. Mbele ilikuwa ni changarawe iliyojikunja kama bati, na karibu na Marsabit mawe meusi ya volkeno. Waendeshaji wa mashindano ya Tour d'Afrique, yaliyoanza mwaka 2003 kutoka Cairo hadi Cape Town, waliikumbuka sehemu hiyo kuliko nyingi katika Afrika. Mashariki ya Isiolo kuna kijiji kiitwacho Kula Mawe. Yeyote aliyekipa jina hilo hakuwa akifikiria tairi, lakini alisema kweli.

Leo lami imefika mto Merille, kilomita 136 kutoka Isiolo, na kufikia mwaka 2017 ilikuwa imefika Moyale. Basi mtu aweza kuuliza, taabu imebaki wapi?

Kwanza ni maji. Hesabu yake ni rahisi, na ni afadhali kuifanya mezani kwa penseli kuliko kuifanya njiani kwa ulimi uliokauka. Mtu wa kawaida mwenye mzigo huenda kilomita 15 kwa saa. Kutoka Isiolo hadi Archer's Post, karibu kilomita 40, ni chini ya saa tatu, na akiondoka alfajiri atafika kabla ya jua kuchoma. Hadi Merille ni saa tisa za kukanyaga. Katika joto lile mwili hutaka lita moja kwa saa, pengine zaidi. Lita tisa ni kilo tisa, nazo hazikai vizuri penye keria: mtungi mmoja mkubwa huyumbisha gurudumu la nyuma, hivyo huwa bora kugawanya katika vyombo vidogo na kufunga pande zote mbili. Sereolipi iko njiani, nako watu wapo. Lakini mgeni asifanye maji ya wenyeji kuwa sehemu ya hesabu yake. Wakati wa kiangazi mama wa Kisamburu huenda mbali kuyachota, naye hatamnyima mpita njia; ndiyo sababu si haki kumfikia na chupa tupu.

Pili ni miiba. Migunga na vikwata vimejaa kando ya barabara, na wafugaji hukata matawi yake kuzungushia maboma ya mbuzi. Matawi yakiburutwa huacha miiba njiani. Ukitaka kupumzika chini ya kivuli, inua baisikeli uichukue begani, usiisukume. Wenye uzoefu hukata tyubu kuukuu na kuitandika ndani ya tairi, iwe ngozi ya pili. Pancha ikitokea, fundi wa mjini hutumbukiza tyubu katika karai la maji atazame mapovu. Huko hakuna maji ya kuchezea. Tyubu hujazwa upepo na kupitishwa polepole karibu na midomo, na midomo huhisi pumzi ndogo kabisa. Kisha msasa, kisha solusheni, na kungoja hadi ikauke isinate kidole; asiyengoja atabandika kiraka kilekile mara tatu. Solusheni iliyofunguliwa hukauka haraka kwa joto, basi zichukuliwe mbili.

Wanyama huogopwa kuliko inavyostahili, ila ndovu. Jina la Isiolo na simba limeshikamana kwa sababu ya Elsa, aliyelelewa hapo tangu mwaka 1956 na bwana nyama George Adamson na mkewe Joy. Lakini simba mchana hulala. Ndovu hutoka Buffalo Springs na Shaba, naye hana haraka. Akiwa barabarani, mwendeshaji husimama mbali na kungoja, au huomba lori limtangulie.

Na hilo lori ndilo taabu mpya. Barabara mbaya ilizuia kila mtu asiende mbio. Lami imeondoa mawe na kuleta mwendo, na haikuweka njia ya baisikeli. Mabasi na malori ya mizigo hupita kwa kasi, na upepo wao humsukuma mtu pembeni penye miiba. Anayesema ya kuwa barabara imekuwa salama kwa baisikeli amesema nusu ya habari. Nguo nyeupe, kioo kidogo penye usukani, na kutosafiri baada ya jua kuchwa si mambo ya woga.

Kurudi ni kazi nyingine. Upepo wa kusini-mashariki unaovuma huko Kaskazini ni wenye nguvu nyingi, hata karibu na Ziwa Turkana umesimamishiwa mitambo 365 ya kuzalisha umeme. Nao humpiga ubavuni au usoni kila arudiye kusini. Na baada ya Isiolo umengoja mteremko ule wa furaha, sasa ukiwa mlima wa zaidi ya mita 1,300. Baisikeli yenye gia huupanda taratibu. Black Mamba husukumwa kwa miguu, saa baada ya saa. Wengi hawaoni haya kuipakia juu ya lori au basi litokalo Isiolo asubuhi. Utingo huilaza penye keria na kuifunga kamba; aombwe ailaze upande wa mnyororo ukiwa juu, na bei ipatanwe kabla hajapanda.