Programu Iliona, Ila Haikuelewa

Likizo iliyopita nilirudi nyumbani Chake Chake na kazi moja tu: kumaliza sura ya nne ya utafiti. Madodoso 60 niliyokusanya kwa wanafunzi wakati wa mazoezi ya kufundisha nilishayaingiza yote kwenye laptopu. Betri yake imekufa zamani, inaishi kwa waya. Na sisi wa Pemba, tangu 2010 umeme wetu unatoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Jioni ile, nikiwa katikati ya kusevu, ukakatika.

Sikuogopa. Nina bakapu, nikajisemea, nikaenda zangu kuswali.

Umeme uliporudi, faili lilikuwepo, jina lile lile, lakini ukubwa wake sifuri. Nikafungua nakala ya mtandaoni kwa simu. Nayo tupu.

“Si uliniambia kazi yako ipo kwenye intaneti?” mama akauliza.

“Ipo mama, lakini na huko imefutika.”

“Kwa hiyo hicho chombo kimeona kitu kitupu, kikakichukua vivyo hivyo?”

Hapo ndipo nilipoanza kusoma jinsi programu hizi zinavyofanya kazi. Fikiria mama ameanika karafuu uani. Anaweza kutoka kila baada ya muda kuangalia mbingu, au akamweka mtoto barazani apige kelele, “Mvua!” Programu nazo hivyo hivyo. Ukisevu, mfumo endeshi wa kompyuta huipigia kelele kwamba faili fulani limeguswa. Kompyuta ikiwa imezimwa, hakuna wa kupiga kelele. Kwa hiyo ikiwashwa, programu hupita faili moja moja, ikilinganisha ukubwa na saa ya mabadiliko ya mwisho na ilivyoandika kwenye kumbukumbu zake. Zilizo makini zaidi husoma maandishi yote na kuyapigia hesabu. Ukibadilisha koma moja, jibu linakuwa jingine kabisa.

Ikishajua, inapeleka. Nyingine, kama rsync ya mwaka 1996 ya Andrew Tridgell na Paul Mackerras, hupeleka vipande vilivyobadilika tu, bando likapona.

Sasa tazama kisa changu. Ukubwa umebadilika? Ndiyo. Saa imebadilika? Ndiyo. Basi ikapeleka sifuri yangu kwa uaminifu wote. Haikukosea. Kazi yake ni kujua kwamba kitu kimebadilika; kama kimeharibika, hilo haliulizi. Mimi ndiye niliyeita bakapu kitu ambacho kilikuwa kinafananisha tu huku na kule.

Siku mbili nikakaa na bahasha la madodoso, naingiza upya. Nimefika la 23, mwenzangu wa chumba kule hosteli akapiga simu. Nikamsimulia. Akacheka kwanza, kisha akauliza, “Umeangalia matoleo ya nyuma?”

Matoleo gani? Kumbe programu ile, kila inapopeleka faili jipya, la zamani hailitupi papo hapo. Huliweka kwa siku kadhaa. Nikaingia, nikabonyeza historia. Toleo la alasiri ya siku ile lilikuwepo, madodoso yote 60. Nilichopoteza ni aya moja, na siku mbili za mgongo kuuma.

Wanachuo wenzangu, hasa mnaoandika utafiti mwaka huu, msiishie kuuliza kama kazi imepanda. Ulizeni programu yenu inaweka matoleo ya nyuma kwa siku ngapi, na wekeni nakala nyingine kwenye fleshi isiyobaki imechomekwa. Kisha jaribuni leo: tengeneza faili la mchezo, andika sentensi tatu, lisubiri lipande, lifute maandishi yote, usevu. Halafu litafute lile la mwanzo.

Ukilipata, una bakapu. Usipolipata, bora umelijua hilo kwa sentensi tatu kuliko kwa sura nne.